Nyumba ya kununua inatafutwa kwa muda gani?

SWALI: Mimi na mume wangu tuna akiba ya kununua nyumba iliyokwisha kujengwa Dar es Salaam, upande wa Tabata, Segerea au Kinyerezi. Mkataba wetu wa kupanga umebakiza miezi minne na mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima. Je, miezi minne inatosha kupata nyumba na kuhamia? *Mama Wawili, Tabata*

JIBU: Haitoshi, dada. Mwombe mwenye nyumba wako akuongezee miezi sita, hata kama kodi ya mwezi itapanda kidogo. Mnunuzi aliyebanwa na tarehe ya kuhama ndiye anayelipia nyumba kabla hajaikagua.

Kuiona nyumba na kuipenda ni kazi ya wiki chache. Muda unaliwa na karatasi. Nyumba nyingi za huko zilijengwa kabla eneo halijapimwa: muuzaji ana karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa, au urasimishaji (upimaji wa makazi yaliyojengwa bila kupimwa) ulipita akapewa namba ya kiwanja, lakini hati hakuifuatilia. Nyingine ina hati safi, ila jina lililomo ni la baba aliyefariki. Kwa hiyo dalali akikupigia simu, usianze na idadi ya vyumba. Muulize: hati ni ya jina la nani, na mwenyewe yuko hai? Swali hilo moja litakuokolea nauli za Jumamosi nyingi.

Nyumba ikipita hapo, omba kivuli cha hati. Chukua namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, kisha omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi utakuonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu aliyeweka zuio. Soma pia hati ni ya miaka mingapi (33, 66 au 99) na ilianza lini, maana unanunua miaka iliyobaki. Omba risiti za kodi ya pango la ardhi, kwa sababu malimbikizo yake yatasimamisha uhamisho. Muuzaji akikwambia hati halisi ipo "lakini imehifadhiwa mahali", chukulia kwamba iko benki mpaka upekuzi useme vinginevyo.

Ikiwa muuzaji ana mwenzi wa ndoa, ridhaa ya maandishi ya mwenzi huyo ni lazima hata kama jina lake halimo kwenye hati. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza mmoja kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mke asiyeonekana siku zote mnazokwenda kuangalia nyumba ni jambo la kuulizia kwa majirani.

Nyumba ya urithi ndiyo inayochelewesha kuliko zote. Anayeweza kuiuza ni msimamizi wa mirathi peke yake. Kama mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, akuonyeshe Fomu Na. 4 ya kuteuliwa kwake, kisha nenda mahakamani hapo ukalinganishe na jalada. Omba muhtasari wa kikao cha familia wenye saini za warithi wote. Hati nayo lazima kwanza ihamie kwa jina la msimamizi, ndipo ije kwako. Mirathi ikiwa haijafunguliwa, tafuta nyumba nyingine. Na ukikuta ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu "NYUMBA HII HAIUZWI", hata kama yamefutwa na bado yanasomeka kwa mbali, fahamu kuna ndugu ambaye hakukubali, au tapeli alikwisha kujaribu kuiuza. Huyo aliyeandika mtafute umsikilize.

Mkishakubaliana bei, mwanasheria aandike mkataba. Hapo kuna uthamini unaopitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, kodi ya ongezeko la mtaji anayodaiwa muuzaji, ushuru wa stempu wa asilimia 1, na fomu za uhamisho (Na. 29, 30 na 35). Andikeni wazi nani analipa nini. Kasoro iliyozoeleka ni muuzaji kupokea fedha yote, kisha akakataa kulipa kodi yake. Uhamisho hauendelei bila cheti cha Mamlaka ya Mapato (TRA) kuwa kodi hiyo imelipwa, na mnunuzi analazimika kulipa mwenyewe. Kinga yake ni malipo ya awamu kupitia benki: sehemu ndogo siku ya mkataba, kiasi kikubwa fomu zikisainiwa, na kiasi kinachozidi kodi ya muuzaji ubaki nacho mpaka cheti kitoke.

Kwa hesabu yetu, tenga miezi miwili au mitatu ya kutafuta, wiki tatu za kukagua, na miezi mingine miwili au mitatu ya uhamisho ikiwa karatasi hazina doa.

SWALI: Tumezunguka miezi minane, tumeona nyumba kumi na saba Mbezi na Goba, na hakuna iliyoturidhisha. Madalali wanasema tunachagua sana. Je, ni kweli? *Msomaji, Ubungo*

JIBU: Inategemea mliziachaje. Kaeni na mkeo mwandike, mbele ya kila nyumba, sababu moja tu ya kuikataa. Sababu zikiwa ni vyumba vidogo, jiko la nje, njia mbovu, basi nyumba mnayoitaka ina bei ya juu kuliko mfuko wenu kwa eneo hilo, na miezi minane mingine haitabadilisha kitu. Ongezeni fedha au songeni mbele zaidi. Sababu zikiwa ni karatasi, maji au mipaka, mmefanya vyema, na madalali waseme wanavyosema.

Tunachoona wengi wanakosea ni kwenda mara moja, Jumapili alasiri, jua linawaka. Nyumba mliyoipenda kweli iendeeni mara tatu: saa kumi na mbili asubuhi siku ya kazi, mpande daladala mpime safari ya kufika kazini, usiku, msikilize baa na kumbi za jirani, na siku ya mvua. Kama mnaweza kusubiri, pangeni ukaguzi uangukie masika, Machi hadi Mei, au vuli kuanzia Oktoba. Hapo miezi ya kungoja si hasara.

Wakati wa kiangazi someni dalili. Angalieni milango ya majirani: ukiona vizingiti vya saruji vimeinuliwa hadi usawa wa goti, au soketi za umeme zimepandishwa juu kuliko kawaida, maji huwa yanaingia ndani. Rangi mpya iliyopakwa mita moja ya chini tu, huku juu ni ya zamani, inaficha mstari wa mafuriko au unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi. Pitisha kiganja ukutani karibu na sakafu. Lipu ikibaki mkononi kama unga mweupe, hiyo ni chumvi. Ama unyevu unaivuta kutoka chini, ama walijengea mchanga wa chumvi, na rangi haitakaa hapo. Ufa mwembamba wa lipu si tatizo. Ufa unaokatiza kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, ukaingia kidole, ni msingi unaozama. Panda darini na tochi, choma mbao za kenchi kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, mchwa wamekwisha kula, na unanunua paa jipya juu ya bei ya nyumba.

Kisha mipaka. Mpeleke mpima ardhi na ramani ya upimaji, atafute bikoni zote (alama za mpaka zilizowekwa ardhini) na kulinganisha namba. Bikoni iliyo ndani ya ukuta wa jirani ni mgogoro unaokusubiri. Pimeni umbali kutoka katikati ya barabara kuu: hifadhi ya kawaida ni mita 30 kila upande, lakini Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, waliobomolewa mwaka 2017 walikuwa ndani ya mita 121.5. Alama ya X ukutani, iwe nyekundu au ya kijani, isichukuliwe kama uchafu. Na mto, hata ule mkavu nusu ya mwaka, unahitaji mita 60.

SWALI: Nimepata nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, Majengo, Mombasa, kwa bei nafuu mno. Mwenyewe anasema nauziwa nyumba "bila shamba". Nifanye haraka kabla haijachukuliwa? *Bint wa Likoni*

JIBU: Usifanye haraka, dada yangu. Bei ni nafuu kwa sababu unanunua kuta, mabati na mlango. Ardhi ni ya mtu mwingine, nawe utamlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Ni mtindo wa zamani Mombasa na watu wameishi hivyo vizazi kadhaa, lakini benki haikubali nyumba ya namna hiyo kuwa dhamana, na siku mwenye ardhi akiuza, mnunuzi wake anaweza kutaka uondoe nyumba yako.

Tafuta namba ya kiwanja, kisha fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ujue mwenye ardhi hasa ni nani. Mwone yeye au wakala wake, si muuzaji peke yake. Ataka nani amlipe? Anakubali jina libadilishwe? Ana mpango wa kuuza? Omba risiti za kodi ya ardhi za miaka ya karibuni. Deni la muuzaji litakufuata wewe. Ukikubali kununua, mwenye ardhi atie saini kuwa amekutambua.

Ukitaka kulinganisha, nyumba yenye hati nchini Kenya kwa kawaida huanza na malipo ya asilimia 10, kisha siku 90 za kukamilisha, na ushuru wa stempu wa asilimia 4 mjini. Ni ghali zaidi, lakini wanao hawataanza upya. Kama fedha zako zinakaribia hapo, tunakushauri ungoje.

SWALI: Dalali ananitoza fedha kila akinionyesha nyumba, na mjumbe anasema serikali ya mtaa lazima ipate asilimia 10 ya bei. Ni halali? *Kijana wa Chanika*

JIBU: Ada ya kuonyeshwa ni makubaliano yenu, ila mtu anayelipwa kwa kila mzunguko hana haraka ya kukupatia. Afadhali umwahidi kamisheni kwa maandishi, ilipwe mkataba ukisainiwa, na nauli tu uitoe siku ya kuzunguka. Hiyo asilimia 10 ya mtaa ni mazoea, haimo kwenye Sheria ya Ardhi. Omba waonyeshe waraka unaoiruhusu na stakabadhi ya serikali, kisha mwandikie Mkurugenzi wa Halmashauri. Mwenyekiti wa mtaa bado unamhitaji, kwa kuwa ndiye anayejua nani aliishi humo na kama kuna kesi, basi zungumza naye kwa heshima, mchana, ofisini kwake.