Re: Thanksgiving inakuja, niwape nini wafanyakazi wangu 6?

Dada, umesema una kampuni ya usafi hapo Columbus na bajeti ndogo. Mi ningeanza na siku yenyewe ya Thanksgiving, ile sikukuu ya shukrani ya Alhamisi ya nne ya Novemba. Sheria ya Marekani haimlazimishi mwajiri binafsi kulipa sikukuu, sasa we ukiwalipa hata masaa manne wakiwa nyumbani na watoto wao watakukumbuka kuliko ukiwanunulia piza. Ukitaka kugawa kitu, bata mzinga au kuku poa tu, ila kadi ya zawadi ya dukani IRS, wale watu wa kodi wa Marekani, wanaihesabu kama mshahara hata iwe ya dola 20, inakatwa kodi, wengi hawajui hilo.

Na uliza kwanza jamani! Bosi wangu mmoja wa zamani alitugawia nyama ya nguruwe, nusu yetu Waislamu, tukabaki tunaangaliana pale pakingi na maboksi mkononi.

Halafu waandikie kikaratasi kwa mkono, kila mtu na chake, taja kitu alichofanya, mfano ile siku ya theluji alipofika saa kumi na moja alfajiri kufungua ofisi ya mteja. Changu cha 2019 bado nimekibandika kwenye mlango wa friji.