Ukitaka kujifunza Kiebrania, anza na "shamar"

Wanaoanza Kiebrania huja na orodha ndefu ya vitenzi vya kukariri. Mimi huwashauri waiweke kando kwanza, wachukue kitenzi kimoja, shamar (kulinda, kutunza), na wakizoee kwa matumizi yake yote. Mzizi wake ni herufi tatu tu: shin, mem, resh.

Nilipokuwa Israeli kwa mafunzo ya kilimo huko Arava, mzizi huo ulikuwa kila mahali. Anayekagua mifuko mlangoni mwa kituo cha basi ni shomer, na zamu yake ni mishmeret. Vyakula vya kopo ni shimurim. Hifadhi ya Ein Gedi, kando ya Bahari ya Chumvi, ni shmurat teva. Kwenye kompyuta, pa kuhifadhia faili pameandikwa shmor. Kwetu jambo hili si geni: tuna Hifadhi ya Serengeti, tunahifadhi faili, na mtoto wa madrasa anahifadhi Kurani.

Panapowasumbua wengi ni kale kaneno kadogo kanakofuata, al. Ukimwachia mwenzako begi unamwambia tishmor al hatik, niangalizie begi. Mkiagana unasema tishmor al atzmekha, jitunze. Al ikiondoka, mara nyingi maana inakuwa kushika au kuweka: lishmor shabat ni kushika Sabato, tishmor li makom ni niwekee nafasi. Kwa hiyo usiandike kitenzi peke yake daftarini. Andika kifungu kizima jinsi ulivyokisikia. Na angalia unayesema naye: mwanamke ni tishmeri, watu wengi ni tishmeru. Haya ni maumbo ya wakati ujao, lakini ndiyo watu wanayotumia kuombana na kuagizana. Shmor, umbo lenyewe la amri, utaiona zaidi kwenye maandishi.

Kuna msemo mmoja ninaoupenda sana. Mtu akisikia habari mbaya, ajali au ugonjwa, husema Hashem yishmor. Neno kwa neno ni "Mungu alinde", ila pale sisi tungesema "Mungu apishe mbali!"

Kama umekuja kwa ajili ya Biblia, umeshalijua neno hili bila kujua. Kaini anapouliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake, anasema shomer. Amri ya Sabato katika Kutoka 20 inaanza na zakhor, kumbuka. Katika Kumbukumbu la Torati 5 inaanza na shamor, shika.

Zoezi ninalompa kila mwanafunzi ni Zaburi 121. Shika penseli, pigia mstari kila shin-mem-resh, utazipata mara sita katika aya nane. Tatu za kwanza zina umbo la shomer, lile la yule wa kituo cha basi. Tatu za mwisho zina umbo la yishmor.