Usimpokonye chaki: siku moja na mwalimu wa mazoezi

Mwenzetu wa Kakamega anauliza: amepewa mwalimu wa mazoezi, yaani mwanachuo wa ualimu anayejifunza kazi darasani, kwa mara ya kwanza, kijana mwenye maandalio ya vipindi safi kuliko hata yake, lakini ratiba ikivurugika kidogo anabaki ameduwaa. Amsaidieje?

Mimi nimewapokea saba hadi sasa, katika shule ya msingi huku uwanda wa Kano, nje kidogo ya Kisumu. Nitakusimulia siku moja tu, maana asubuhi yake nilikosea na mchana nikapata nafasi ya kujirekebisha.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Mei. Binti niliyekuwa naye alikuwa na Hisabati, Gredi ya 4, mada ya sehemu. Dakika zake 35 zote alikuwa amezigawa, hata wimbo wa utangulizi ulikuwa na dakika 3 zake. Kengele haijalia, naibu akaja: mwalimu wa mkondo wa pili ana mgonjwa hospitalini, unganisheni madarasa. Watoto 87, wengine chini sakafuni. Hawajatulia bado, wahudumu wa afya hao mlangoni na dawa za minyoo na kichocho.

Sisi wa kando ya ziwa tunaijua shughuli hiyo. Dawa ya kichocho hupimwa kwa urefu: mtoto anasimama kwenye mti wenye alama, na alama ndiyo inayosema ameze vidonge vingapi. Inatakiwa awe amekula, la sivyo kichefuchefu. Tulikuwa tumetangaza waje wameshiba, lakini kutangaza ni kimoja na chungu cha nyumbani ni kingine. Watatu wakatapika, mmoja akaangua kilio, na walio nyuma ya mstari wakagoma kabisa. Mwalimu wa darasa jirani, kwa wema wake, akatuletea mwanzi. Niliurudisha. Viboko vilipigwa marufuku zamani, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inavitaja wazi. Mwambie kijana wako hilo siku ya kwanza, kwa sababu ni siku kama hizi ambapo mkono huwasha.

Binti alikuwa amesimama, daftari kifuani. Nikaenda mbele, nikapiga makofi mara mbili, nikamtoa chaki mkononi, nikaandika zoezi ubaoni. Kimya! Nikajiona hodari.

Kuanzia hapo kila alipowaambia neno, watoto walinitazama mimi kwanza kule pembeni. Kuna aliyemjibu kwa adabu zote: “Tunangoja madam aseme.” Saa ya mapumziko hakunywa chai.

Nilimwomba radhi. Wengine wataona ni kujishusha, shauri yao. Kisha tukakaa chini ya mwembe na andalio lake, nikamuuliza: katika haya yote, ni lipi wakilikosa leo kesho hawasongi? Akafikiri sana. Akasema, wajue kwamba nusu si kipande chochote tu, lazima vipande vilingane. Nikamwambia apige mstari hapo, mengine yote akibanwa ayaache bila kuniuliza. Tukapatana pia ishara: akigusa sikio, naja. Asipogusa, sitoki nyuma, ila tu mtoto akiwa hatarini.

Kipindi kikasukumwa hadi saa nane na nusu. Nanyi mnajua mvua ya Kisumu ya alasiri na mabati yetu. Ilishuka kama changarawe, na katikati yake akaingia mkufunzi kutoka chuoni, ameloa chapachapa, amekuja kumtahini.

Binti alipaza sauti hadi ikakwaruza. Safu ya tatu haikusikia kitu. Akanitazama. Vidole vyangu viliwasha, nakwambia kweli. Lakini sikio hakuligusa.

Akanyamaza. Akaandika ubaoni: Kunja karatasi. Akagawa kurasa za daftari kuukuu, akainua yake, akaikunja vibaya makusudi, upande mmoja mkubwa, akawakunjia uso kama anayeuliza. Vichwa 87 vikatikisika: hapana. Akaikunja sawa. Vikaitikia. Hakuna aliyetamka neno.

Kisha mvulana mmoja akainua karatasi aliyoikunja kutoka pembe hadi pembe. Kingo hazikukutana, wenzake wakamcheka. Hilo halikuwamo katika andalio lolote. Binti akamwita mbele, akaichana karatasi kwenye mkunjo kwa rula, akageuza pembetatu moja na kuiweka juu ya nyingine. Zikalingana. Darasa zima likalipuka kwa kelele zilizoishinda mvua.

Mkufunzi alimkata alama za utangulizi, eti hakuimba wimbo. Nilimfuata hadi kwenye bodaboda yake nikamweleza asubuhi ilivyokuwa. Alisikiliza, alama hazikurudi.

Kwa hiyo huyo wako anayeduwaa, kaa naye jioni kabla ya kipindi, si baada, na umwache yeye achague la kupigia mstari. Na ukiwa pale nyuma, shika kitu mkononi. Mimi hushika rejista. Kesho yake nilikuwa nayo pale pale, mtoto akapita mbele yangu bila kunitazama, akaenda kumwomba binti ruhusa ya kutoka nje.