Umepangiwa kazi kamji kadogo Uingereza? Usikimbilie London kila wikiendi

Wadada wengi waliokuja huku kwa kazi za kea (kuhudumia wazee na wagonjwa) na unesi wamepangiwa miji midogo, alafu kila wikiendi wako kwenye basi kutafuta Wabongo wenzao, jirani wa mlango wa pili hata jina hawamjui. Mimi niko Olney, kamji kando ya mto Great Ouse, juu kidogo ya Milton Keynes, treni hakuna. Ushauri wangu: ingia kwenye mambo yao ya asili, maana huku mtu hakuiti ndani kunywa chai hivi hivi, ila mwambie "nipe hivyo viti nipange" uone anavyokuchangamkia.

Anza na mbio za chapati za maji. Ndio, mbio! Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu wanawake wanakimbia na kikaango mkononi kutoka Market Place mpaka kanisani, yadi 415, kama mita 380 hivi, na wenyewe wanasimulia kwamba ilianza 1445, mama mmoja alikuwa jikoni akasikia kengele ya kanisa akatoka mbio na kikaango chake. Tangu 1950 wanashindana kwa muda na mji wa Liberal, Kansas, huko Marekani. Uwe mkazi, miaka 18 kwenda juu, uvae sketi, aproni na kitambaa kichwani, yaani kanga zako zimepata kazi. Kama mbio huwezi nenda kashangilie, simama karibu na wamama wazee, hao ndo wanajua nani ni nani.

Alafu makumbusho ya Cowper na Newton, yaani mshairi William Cowper na rafiki yake John Newton. Newton alikuwa mchungaji hapa 1764 mpaka 1780, na ule wimbo wa kanisani, Amazing Grace, aliuandaa kwa ibada ya mwaka mpya 1773. Kabla ya hapo alikuwa nahodha wa meli za watumwa, na mpaka 1788 ndo akachapisha kijitabu cha kuipinga hiyo biashara. Miaka yote hiyo! Usinyamaze eti utawaudhi wenyeji, uliza tu. Mimi niliuliza, na bibi aliyekuwa anajitolea pale hakukasirika, tukabishana vizuri tu, sa hivi tukikutana sokoni lazima tusimame.

Na ukitafuta nyumba ya kupanga upande wa mtoni usimsikilize dalali peke yake, hawa hawa wazee watakuonyesha maji yakijaa huwa yanafika wapi.