Probabiliti yenye x ndani: andika jumla kwanza

Vijana wa fomu foo mnaojiandaa na mtihani wa taifa, nakaa na wenzenu tuisheni hapa Wete na naona maksi zinapotea pale pale kila mwaka. Mtu probabiliti, yaani hesabu za uwezekano, anaijua, aljebra anaijua, vikikutana kwenye swali moja tu peni inasimama.

Mimi wanafunzi wangu nawalazimisha kitu kimoja, andika jumla kabla hujagusa chochote. Kapu lina embe boribo x na dodo 6, ukitoa moja bila kuangalia uwezekano wa kupata boribo ni 3/5, boribo ziko ngapi? Wengi wanakimbilia x/6, wanasahau kwamba chini zinakaa embe zote na hizo boribo zenyewe zimo. Jumla ni x + 6, iandike pembeni, izungushie duara, sasa ndo uandike x/(x + 6) = 3/5. Zidisha wa juu huku kwa wa chini kule, 5x = 3x + 18, x ni 9. Halafu rudisha jibu kwenye swali, 9 kati ya 15 ni 3/5 kweli, basi una uhakika nalo palepale humngoji mwalimu akwambie.

Likija la kutoa mbili bila kurudisha ndo watu wanaingia baridi, na wallahi mie hilo ndo nilipendalo zaidi. Tuseme embe zote ni n, boribo 6, uwezekano wa zote mbili kuwa boribo ni 1/3. Ya kwanza 6/n. Ya pili 5/(n − 1), maana ile moja ishatoka, imepungua juu na imepungua chini, na hapa wengi wanapunguza juu tu chini wanaacha n ile ile. Zidisha upate 30/(n(n − 1)) = 1/3, yaani n(n − 1) = 90, ukiifungua n² − n − 90 = 0, (n − 10)(n + 9) = 0. Idadi ya embe haiwi −9 kwa hiyo n ni 10, ila hiyo sababu iandike jamani, msilifute jibu la pili kimyakimya.

Na jibu lolote likikupa uwezekano unaozidi 1 au ulio chini ya 0, rudi kwenye ile jumla uliyoizungushia duara, mara nyingi tatizo limekaa hapo.

Jaribuni hili leo usiku: kapu la embe 15, boribo 9, zinaongezwa boribo y mpaka uwezekano ufike 2/3. Hiyo y inaingia juu na chini. Jibu ni 3.