Usimeze hicho kidonge asubuhi ya mbio

Mdogo wangu, hapana. Umeandika kwamba una mafua ya mzio, mbio zako za kilomita 10 hapa Lubumbashi ni Oktoba, na muuza dawa kakupa promethazini uimeze alfajiri ili "pua ifunguke". Mambo ya viatu na ratiba ya mazoezi weka kando. Hicho kidonge kiache.

Mimi nilikimeza. Mwanzoni, kwenye barabara ya Kasapa, pua ilikauka vizuri nikajiona bingwa. Kisha mdomo nao ukakauka, ulimi ukanata kwenye kaakaa, ngozi ikawaka moto bila hata tone la jasho. Oktoba yetu mnaijua, mvua bado inasuasua na jua halina huruma. Wenzangu fulana zimelowa chepechepe, mimi mkavu kama samaki wa Kasenga. Halafu usingizi! Naapa nilikuwa nakimbia huku nasinzia. Mama mmoja mwenye beseni la mikate kichwani alinipita, tena yeye alikuwa anatembea. Chekeni tu, mimi nimeshacheka. Nikaanza kuyumba, nikatapika, watu wakanilaza chini ya mwembe na kunimwagia maji. Nikaishia kituo cha afya na serumu mkononi, na bili yake ingeninunulia viatu vipya.

Daktari ndiye aliyenieleza. Dawa za mzio za kizazi cha zamani, kama promethazini na klorfeniramini, zinaingia hadi kwenye ubongo, ndiyo maana zinalaza watu. Promethazini, juu ya hayo, inazuia ishara ya neva inayoamuru tezi zitoe jasho. Sasa ukimbie jua la Oktoba bila jasho, mwili utapoa kwa njia gani?

Na yule muuza dawa nilimwambia wazi kwamba naenda kukimbia! Akanijibu, "Za aleji zote ni sawa, hii ndiyo yenye nguvu." Nguvu ya nini? Siku ile angeniuzia hata dawa ya minyoo kama ndiyo iliyobaki kwenye rafu.

Kwa hiyo shika hili: siku ya mbio kisiingie mwilini kitu ambacho hukukizoea mazoezini. Kamuulize daktari kuhusu loratadini au setirizini, dawa za mzio za kizazi kipya. Hazilazi sana, ingawa setirizini wengine inawasinzisha, na hutajua wewe ni yupi mpaka ujaribu. Akikuandikia, ijaribu wiki kadhaa kabla, kwenye mazoezi marefu, saa ileile ya mbio, jua lilelile. Na si dawa tu: hata bukari, yaani ugali, kama hukuzoea kuula asubuhi, siku ya mbio uache.

Kifua kikibana au kikipiga filimbi, hayo si mafua tena, kapimwe kabla hujakimbia popote. Ukitoka vipele mwili mzima au midomo ikavimba, simama hapohapo, uende hospitali.

Uliuliza na nini kingine, soksi? Kwanza geuza hiyo karatasi ya vidonge, soma jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, uliandike hapa tuhakikishe ni hiyohiyo, kabla hujameza chochote.