Nilipoacha Kumsengenya Mungu

Kwa miezi kadhaa sala yangu ilikuwa ya uongo. Kila usiku napiga magoti, nasema, "Asante Bwana, wewe ni mwema, sina wasiwasi," kisha napanda kitandani na kukodolea dari macho mpaka alfajiri. Kazini walikuwa wamepunguza watu, nami nikawa mmoja wao. Hilo peke yake ningelibeba. Lakini kabla sijajipanga, baba akaanza kuugua, na ugonjwa wenyewe haukuwa wa mchezo. Tukafunga, tukakesha, wazee wa kanisa wakaja kumpaka mafuta kama Yakobo alivyoagiza katika waraka wake. Baba akafa.

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye yuko hapo sasa hivi. Dawa sina. Nina yale tu niliyopitia, na aisifuye mvua imemnyeshea.

Msiba una uchungu wake, ila kuna maneno ya waombolezaji yanayouma kuliko msiba. Mtu mmoja tuliyekuwa tukisali naye aliniambia, tena kwa upole kabisa, kwamba huenda nyumbani mwetu palikuwa na mtu ambaye imani yake haikutosha. Niliitikia kwa kichwa. Usiku nikaanza kujihoji: ni mimi? Ni ule mkesha niliosinzia katikati? Ukishaanza kuhesabu hivyo humalizi, kwa sababu hakuna mtu mwenye imani isiyo na tundu. Yule baba wa kwenye Marko 9 alimwambia Yesu waziwazi, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto wake akaponywa na kutokuamini kwake humo humo.

Basi nikarudi kwenye kitabu cha Ayubu, nikiwatazama zaidi wale rafiki zake. Siku saba mchana na usiku walikaa naye chini bila kusema neno. Naamini hilo ndilo jambo jema kuliko yote waliyofanya, na wangeondoka siku ya saba jioni tungewakumbuka kwa heshima. Wakafungua vinywa. Kwa sura nyingi wakamtetea Mungu kwa hoja nzuri, mfano wake tunazisikia makanisani mpaka leo, huku Ayubu akilaani siku aliyozaliwa na kudai Mungu aje ajieleze. Halafu mwishoni, sura ya 42, Mungu anawakasirikia watetezi wake. Anasema hawakunena yaliyo sawa habari zake kama Ayubu alivyonena. Mstari huo niliurudia mara tatu nikidhani nimesoma vibaya.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mzee aliyekuja kunipa pole. Alikuwa amemzika mume na watoto wawili. Hakuhubiri. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ukiomba unamwambia nini Mungu?" Nikamjibu namshukuru. Akacheka kidogo. "Na hasira ulizonazo unampelekea nani?"

Nikanyamaza.

"Kasome Zaburi ya 88. Isome kwa sauti, mlango umefunga."

Zaburi nyingi za kilio hugeuka njiani. Ile ya 13 inaanza na "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" na ndani ya mistari sita tu mtu anaimba. Ya 88 haigeuki. Inalia toka juu mpaka chini na kuishia gizani, hakuna haleluya. Nilipoimaliza nilikuwa nalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha nikaona nilichokuwa nimekipita: mtu huyu anaanza kwa kumwita Mungu "Mungu wa wokovu wangu", na malalamiko yote yaliyofuata anayapeleka kwa huyo huyo.

Hapo nikajijua. Mimi nilikuwa namsengenya Mungu. Mdomoni namsifu, moyoni namsema. Wana wa Israeli jangwani walikemewa kwa kunung'unika hemani mwao, na kunung'unika ni kumsema mtu umempa kisogo. Mwenye zaburi anamgeukia na kumwambia usoni. Kwa mtazamo wangu, tofauti ya anayemtumaini Mungu na asiyemtumaini imo hapo zaidi kuliko kwenye ukavu wa macho.

Usiku ule nilisema mambo ambayo sitayaandika hapa. Radi haikupiga. Nililala.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwa kweli ndio mkubwa, ni kwamba mwambie ukweli. Ukikosa maneno yako, azima ya zaburi. Zimewekwa mle kwa kazi hiyo. Mimi nilinunua daftari nikawa naandika, kwa sababu nikiomba kimoyomoyo akili ilikuwa ikitangatanga.

Pia uwe mwangalifu na mistari utakayotumiwa kwenye simu. Yeremia 29:11, ule wa "mawazo ya amani wala si ya mabaya", nilitumiwa na watu wengi kiasi cha kuuchukia. Nilipoufuatilia nikakuta ni barua kwa watu waliohamishwa utumwani Babeli, na mstari wa 10, ambao hakuna aliyenitumia, unasema ni miaka sabini. Waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe huko huko. Yaani wengi wao wangefia hapo. Ukiusoma hivyo unakuwa mzito zaidi, lakini unaaminika zaidi. Na ule msemo kwamba Mungu hampi mtu mzigo asiouweza, wala haumo kwenye Biblia. Watu huuchota kwenye 1 Wakorintho 10:13, panapozungumzwa majaribu ya kuanguka dhambini. Paulo mwenyewe anakiri katika 2 Wakorintho 1 kwamba walilemewa mno kuliko nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi.

Na mwili usiusahau. Eliya alipoomba kufa, chini ya mti jangwani, malaika hakumletea somo. Alimgusa, akamwambia ale. Akala, akalala tena, akaguswa tena, akala tena; mazungumzo yalikuja baadaye, mlimani. Usiku wa pili, wa tatu usingizi ukikataa, chakula kikakukataa, nenda kamwone daktari, na mawazo ya kujidhuru yakikujia usiyabebe peke yako hata saa moja, mwambie mtu. Kumwona daktari si kumkana Mungu. Mimi nilichelewa kwa aibu tu.

Ibadani niliendelea kwenda, nikikaa benchi la nyuma. Siku nyingine sikuimba hata ubeti mmoja. Niliwaacha wengine waimbe, nami nikasimama katikati ya sauti zao.

Kazi ilipatikana, ingawa si kama ile ya kwanza. Nimelitaja kwa sababu ungeniuliza, lakini sitaki ulichukue kuwa jibu la Mungu kwangu, kwa maana baba hajarudi. Wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli, mbele ya tanuru la moto, walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "bali kama si hivyo". Kwao hiyo "si hivyo" haikutokea, walitoka wazima. Kwangu ilitokea.

Daftari bado ninalo. Kurasa nyingine nimeandika pembeni tarehe na neno "asante". Ile ya baba pembeni ni tupu, na nikifika hapo bado namuuliza.